Ukiniona Njiani, Pita

Metroni hakuwa mtu wa kusalimiwa. Kawangware nzima ilijua hivyo, na wengi walidhani ni kiburi. Alitembea katikati ya njia, kiondo mgongoni, kamba yake imekaa kwenye paji la uso, macho mbele, na ukimwambia habari ya asubuhi alijibu "mzuri" kabla hujamaliza, naye amekwisha kukupita. Wenye ploti, watu wa rika lake waliokulia pale pale, walisema kanisa limemvimbisha kichwa. Mimi niliyefanya kazi chini yake nilisema mabaya kuliko hayo. Nilikuwa na sababu zangu, na nyingi zilihusu sukari.

Sukari ya Kituo aliiweka ndani ya kopo, kopo chini ya kitanda chake. Asubuhi alikupimia kijiko, akakisawazisha kwa kisu. Ukinyoosha kikombe kuomba kingine alikutazama kana kwamba umemwomba shamba. "Wewe Fundi, kwani ulioa sukari?" Lakini mtu mpya akifika, amechoka, viatu vimepasuka, Metroni alilivuta lile kopo mbele yetu sote na kumkorogea chai tamu kama asali, kisha akakaa karibu naye mpaka aimalize. Chai ikiwa bado haijaisha, mtu huyo hakuruhusiwa kusema neno. Ikiisha, hakuruhusiwa pia.

"Usiniambie," ndilo lilikuwa neno lake. Mtu alikaa pale na kilio kimemjaa kifuani, anataka kueleza alivyovuka mpaka, nani alichukuliwa, nani alibaki, naye Metroni anamzuia kwa kiganja. "Usiniambie. Kula kwanza, halafu ulale." Nilimwona akimnyamazisha hivyo mzee aliyekuwa amepoteza wanawe wote, na siku hiyo nilimchukia kwa moyo wangu wote. Baadaye nilielewa kwamba asichokijua hakingeweza kutolewa kinywani mwake kwa kofi wala kwa maneno matamu. Wakati huo huo, mwanamke huyu alipenda umbea kupita kiasi. Alijua ni mwenye ploti gani amehamia kwa mpangaji wake, na binti wa nani amebeba mimba ya nani. Alitaka kujua habari za kila mtu Kawangware, isipokuwa za wale waliolala chini ya paa lake.

Niseme Kituo kilikuwa nini. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati nyuma ya kanisa, upande wa mtaa unaoitwa Kongo, na kibao kwenye lango kiliandikwa Darasa la Ushonaji kwa Akina Mama. Mwalimu wa ushonaji ndiye mimi, kijana niliyetoka Kakamega na cherehani ya kuazima. Wanafunzi wangu walikuwa watu wa Uganda waliokimbia wanajeshi walipoanza kutoa watu majumbani na wasiwarudishe. Hawakuwa na makaratasi. Wengine walifika na nguo walizovaa tu. Kamati ya kanisa, wazee waliokaa mjini, ilileta unga na maharagwe na hiyo sukari, na mengine yote tuliachiwa wenyewe. Mwanzoni watu wa Nairobi waliwahurumia wageni hao. Halafu huruma ikaisha. Redio ikaanza kusema wakaaji wawe macho, wenye nyumba wakaulizwa wamepangisha nani, na neno "mgeni" likawa kitu cha kutemwa.

Kwa hiyo kila aliyeingia Kituoni alipewa kitambaa na sindano hata kabla ya kuonyeshwa mahali pa kulala. Askari wakija, uwe unashona. Wanaume pia. Tulikuwa na bwana mmoja ambaye kule kwao alifundisha chuo kikuu, mtu wa miwani mizito, na mikono yake ilikuwa haijawahi kushika sindano. Askari akamsimamia akamuuliza anashona nini. Bwana yule alifikiri sana, kwa unyoofu wa msomi, akasema, "Bado sijajua." Metroni akaja na birika. "Ni foronya ya mto," akasema, "na ni mbaya. Fundi, mfundishe tena." Askari akacheka. Tulikuwa na foronya za kufunika mito ya Dagoretti nzima, na mito yenyewe hatukuwa nayo.

Askari hao aliwachosha kwa adabu. Aliwauliza mama zao wanaendeleaje, mvua kwao imenyesha vipi, ng'ombe anakamuliwa kiasi gani, kisha akawaomba wamsaidie kunyoosha nguzo ya lango kwa kuwa Fundi hana nguvu. Hakuwadanganya kwa jambo lolote. Aliwapa tu mazungumzo mengi kuliko waliyoyajia. Mara nyingi waliondoka wakiwa wamesahau kuhesabu vichwa.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kufumua. Wanawake wa Uganda walikuja na busuti, zile nguo ndefu za mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, nguo nzuri kabisa, na hakuna nguo iliyowauza zaidi. Metroni alizileta kwangu zimekunjwa. Nilizifumua nikatoa sketi na vitambaa vya kichwa. Wenyewe walikaa kando wakinitazama nikivuta uzi, na hakuna aliyewahi kunizuia, lakini kuna waliogeuza uso. Yeye aliwafundisha mengine: usonge ugali uwe mgumu, usiulize ndizi sokoni, ukipewa chenji usishukuru kwa maneno marefu, mtu wa Nairobi akishukuru sana anashukiwa.

Pale bombani aliwatukana. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wanawake wenzake kwenye foleni, "Hawa Waganda watatumaliza. Wanakunywa maji kama ng'ombe." Kisha akajitwika debe na kuwapelekea hao hao. Nilimuuliza sababu.

"Nikiwatetea, mtu atajiuliza kwa nini nawatetea."

"Kwa hiyo ulikuwa unaigiza."

"Hapana," alisema. "Maji wanamaliza kweli."

Kamati ilipoogopa, mwenyekiti alikuja mwenyewe, na suti, akatuambia kuanzia siku hiyo Kituo kitapokea wenye barua ya serikali peke yao. Kanisa halikutaka matata. Metroni alisema, "Nimesikia." Mwenyekiti akafurahi kwamba amesikia. Alipoondoka, Metroni alitia kufuli kubwa kwenye lango la mbele, ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulipita, na akanituma nikate miiba zaidi kwenye ua wa nyuma ambako wote walipita. Alikuwa mtu wa sheria, cha ajabu. Hakuvuka barabara pasipo mahali pa kuvukia. Alilipia leseni ya redio wakati mtaa mzima haukuwa na habari kwamba redio ina leseni. Sijui aliyapatanisha vipi hayo mawili, na nilipomuuliza aliniambia niende nikashone.

Sasa nimefika kwa yule mwalimu, na ningependa kumruka kama ningeweza.

Alitoka upande wa Jinja, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na alikuja na binti yake ambaye alikuwa bado anashika sketi ya mama akitembea. Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Aliifumua busuti yake mwenyewe, akanikataza nisiiguse, na kwa kitambaa kile cha zambarau alimshonea mtoto gauni. Metroni alimpatia kazi ya nyumba kwa watu fulani wa Lavington na chumba cha kupanga huko huko Kongo. Asubuhi alimwacha mtoto kwetu, jioni akamchukua. Watu wawili walikuwa wameokoka, tukadhani hivyo.

Jumamosi moja alikutana na Metroni sokoni, mbele ya wauza sukuma wiki. Alikuwa amepokea mshahara wake wa kwanza na amevaa viatu vipya. Furaha ilimzidi. Akapiga magoti. Palepale kwenye vumbi, magoti yote mawili, viganja pamoja, akamsalimu Metroni kwa salamu ndefu ya kwao, ile ya kuuliza na kujibu na kuitikia, kama binti aliyelelewa vizuri anavyomsalimu mama mkubwa. Kule kwao ndiyo heshima, mwanamke hamsalimu mkubwa wake akiwa wima. Kawangware hakuna aliyempigia mwenzake magoti, labda akiwa anatafuta shilingi iliyoanguka. Nilikuwa nyuma na kapu la vitunguu. Niliona wauzaji wakinyamaza mmoja mmoja. Niliona pia Metroni, ambaye baadaye hakutaka salamu ya mtu, akiweka mkono juu ya kichwa cha yule mwanamke na kuuacha hapo.

Kesho yake askari walimchukua mwalimu chumbani kwake. Mtoto alikuwa kwetu, kwa sababu Jumapili mama alimleta mapema ili akafue.

Metroni alienda kule alikozuiliwa mwalimu. Alirudi, akaenda tena. Kamati ilikataa kuandika barua, maana barua ingeonyesha njia ya kuja Kituoni. Mara ya mwisho nilimsindikiza. Afisa alimuuliza yule mwanamke ni nani yake, anamjua vipi, na walikutana wapi. Nyumba nzima ya watu ilikuwa nyuma ya jibu hilo. Metroni alisema, "Simjui sana. Alikuwa anashonewa nguo na huyu fundi." Aliyasema kwa sauti yake ya kawaida. Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Sijui kama mwalimu alisikia, namwomba Mungu awe hakusikia. Yeye na wenzake walipakiwa lori wakapelekwa mpakani, mikononi mwa wale wale waliowakimbia, na hatukupata habari zake tena.

Hapo ndipo ile amri ilipoanza. Kila aliyekuwa anaondoka Kituoni kwenda kuanza maisha, Metroni alimsimamisha kwenye ua wa nyuma akamwambia, "Ukitoka hapa hunijui. Ukiniona njiani, pita. Usinisalimu." Ndiyo maana Kawangware nzima walimwona wa kiburi. Aliacha kusalimia wote ili wale wachache wasijulikane.

Mtoto alibaki. Mtoto naye alikuwa anapiga magoti. Kila asubuhi alikuja jikoni, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akamsalimu Metroni jinsi mama yake alivyomfundisha. Na kila asubuhi Metroni alimshika viwiko akamwinua. "Simama." Mtoto alilia, alifikiri amekosea salamu, akarudia vizuri zaidi, akapiga magoti tena. "Simama." Iliendelea hivyo kwa majuma. Nilikuwa nikisikia nikiwa kwenye cherehani, nikakanyaga kwa nguvu ili kelele ifunike. Siku moja mtoto aliingia jikoni, akasimama wima, akasema, "Sasa," kama watoto wa mtaani wanavyosalimiana. Metroni alimpa mandazi. Kisha alienda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka maharagwe yakaungua, na maharagwe ya Metroni hayakuwa yakiungua.

Wakati huo mtoto alilala kitandani mwake, juu ya lile kopo la sukari. Alikuwa anamwita Cucu, nyanya kwa Kikuyu, na alikula sukari kwa kidole, na hakuna aliyekaripiwa. Sisi wote tulidhani atamlea. Yeye mwenyewe, nafikiri, alidhani hivyo. Lakini watu walikuwa wameona magoti yale sokoni, na kulikuwa na mdomo uliouliza mtoto wa yule Mganda alienda wapi. Siku moja walikuja mume na mke wasio na mtoto, Wajaluo, watu wapole kwa sauti, wakanywa chai ndani kwake, nami sura zao sikuziona. Nilimsikia Metroni nyuma ya ukuta akimuuliza mtoto:

"Ukiniona njiani unafanya nini?"

"Napita."

"Nikikuita?"

"Napita, Cucu."

"Mzuri sana."

Waliondoka kupitia ua wa nyuma, mtoto amevaa gauni la kitambaa cha buluu. Lile la zambarau Metroni alilichoma jikoni. Wapi walikompeleka hakuniambia, nami nilikuwa nimejifunza kutouliza.

Miaka ilienda. Kule Uganda serikali zilibadilika, wengi wakarudi, na Kituo kikageuzwa shule ya chekechea. Nilihamishia cherehani yangu Kibera, Kisumu Ndogo, kwenye kibanda kinachotazamana na wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Mara moja moja niliona sura ninayoijua. Yule bwana wa foronya alinipita karibu na reli, amenenepa, na macho yetu yakakutana. Alipita. Niliumia, nawaambia ukweli, ingawa nilijua alikuwa anatii.

Nimesahau kusema kwamba Metroni hakula samaki. Kwao hawakuwa na desturi hiyo, na yeye alizidisha. Kule Kituoni mtu akileta omena, alitoka nje na kiti chake na kukaa kule mpaka harufu iishe. "Hao ni wadudu," alikuwa akisema.

Kwa hiyo nilipomwona Jumamosi moja Kisumu Ndogo, mzee, miguu imevimba, amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda cha omena anapimiwa mkebe, nilidhani macho yangu yamechoka. Aliyempimia alikuwa Atieno. Atieno namjua. Wazazi wake walikuwa majirani wazuri, mama alikuwa amefariki na kumwachia kibanda, na mimi nilikuwa nimekula omena yake muda mrefu. Msichana mchangamfu, mdomo haufungi, Sheng na Kijaluo vinamtoka kwa pamoja. Nilingoja Metroni avuke, nikamvuta ndani kwangu.

"Metroni. Tangu lini wewe na omena?"

"Nampelekea jirani. Ana paka."

"Unatoka Kawangware kwa miguu, na miguu hiyo, kwa sababu ya paka?"

Alitazama nje, upande wa kibanda. Mimi nikatazama alikotazama, na nilipomwangalia tena Atieno, namna alivyoinamisha shingo akipima, nikamwona mwalimu wa Jinja anakata uzi kwa meno. Nilikaa chini.

"Usiniambie," nikasema.

Hilo lilimfanya acheke, kidogo. Kisha akaniambia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Amesahau kila kitu, Fundi. Nilimjaribu. Mara ya kwanza nilikuja nikasimama tu hapo. Akaniambia, 'Mathe, unataka ya ngapi?' Nikamwambia ya mkebe mmoja. Kwa hiyo nanunua."

"Mwambie. Siku hizi hakuna msako."

"Hakuna leo." Alirekebisha kamba ya kiondo. "Anangoja kipande, kitambulisho chake. Chifu wa huko kwa baba yake ameshaandika ni wa huko, amezaliwa huko. Nikimwambia, atakuwa na kitu cha kuficha. Saa hii hana. Hata akipigwa hawezi kukisema." Akatazama tena kibanda. "Unajua siku ile sokoni? Nilifurahi. Watu wote wananiona nikipigiwa magoti. Ningemwinua haraka, labda wangefikiri ameanguka."

Nilimtengenezea chai, na sukari niliyoweka hakuisemea.

Alikuja Jumamosi nyingine, na nyingine tena. Sikuingilia. Mara moja nilipoenda kununua, Atieno alinong'ona, "Fundi, huyu nyanya ako sawa kweli? Hasalimiangi mtu. Nikimwambia sasa, anaangalia tu mkono yangu." Nilimwambia wazee wako hivyo.

Mara ya mwisho nilipomwona Metroni alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, amechoka zaidi ya siku zote, kiondo chini kati ya miguu. Atieno alifunga omena kwenye gazeti. Akazunguka meza ili amwekee mwenyewe asisumbuke kuinama, na kwa kuwa kiondo kilikuwa chini, akapiga magoti. Magoti mawili, mbele ya yule mzee, kichwa kimeinama. Hakuwa anamsalimu. Alikuwa anatafuta tu nafasi ya kuweka gazeti.

Nilimwona Metroni akiinua mkono. Ulifika karibu na kile kichwa. Pande zote kulikuwa na watu wananunua, wanapiga kelele, na hakuna aliyekuwa anatazama, isipokuwa mimi. Mkono ulishuka ukamshika Atieno kiwiko.

"Simama," akasema.

Alisema kwa ukali ule ule wa jikoni. Atieno alisimama upesi, ameshtuka, gazeti bado mkononi. Metroni alijiinua kwa taabu, akaweka kamba ya kiondo kwenye paji la uso, kiondo kitupu, akaanza kuondoka kuelekea reli.

"Nyanya," Atieno akaita. "Nyanya, umesahau omena yako."

Metroni aliendelea kutembea, katikati ya njia, macho mbele. Atieno alitoka barabarani akaita tena kwa sauti kubwa, hata watu wa mbali wakageuka. Metroni hakugeuka. Alipinda kwa kinyozi, hatukumwona tena.

Atieno alikuja mlangoni kwangu na lile gazeti. Mafuta ya omena yalikuwa yameanza kulilowesha.

"Hasikii," akasema. "Amezeeka."

"Ndiyo," nikamwambia. "Amezeeka."